Upimaji wa huduma kwa sanduku jeusi

Upimaji wa huduma kwa sanduku jeusi ni njia ya kujaribu programu ya kompyuta iliyojengwa kwa kuunganisha huduma mbalimbali, pale ambapo mpimaji haoni msimbo chanzo wa huduma hizo. Anachokiona ni kiolesura tu: maombi gani yanaweza kutumwa na majibu ya namna gani yatarudi. Kinyume chake ni sanduku jeupe, ambako majaribio huchaguliwa kwa kusoma msimbo wenyewe.

Huduma ya namna hii huendeshwa kwenye seva za mwenye nayo, mara nyingi kampuni nyingine, na hufikiwa kupitia mtandao. Kwa hiyo kuficha msimbo si tatizo pekee. Maktaba ya programu iliyopakuliwa hubaki ilivyo hadi mtumiaji aibadilishe. Huduma inaweza kubadilishwa na mwenyewe usiku mmoja, na programu iliyofaulu majaribio jana ikashindwa leo bila mtu kugusa hata mstari wake mmoja. Watafiti Waitalia Gerardo Canfora na Massimiliano Di Penta walieleza ugumu huo mwaka 2006.

Maelezo ya kiolesura

Mpimaji huanza na maelezo ya kiolesura. Kwa huduma za wavuti yaliandikwa kwa muda mrefu kwa lugha ya WSDL, ambayo toleo lake la 1.1 lilitolewa mwaka 2001 na la 2.0 likawa pendekezo rasmi la W3C mwaka 2007. Maelezo hayo husema umbo la ujumbe, wala si maana yake yote. Yanaweza kutaja kwamba "kiasi" ni namba, yasiseme kama ni shilingi au senti.

Kutokana na maelezo, mpimaji hugawa data katika makundi na kujaribu mipaka. Huduma ikikubali malipo ya shilingi 10 hadi 250,000, hujaribiwa kwa 9, 10, 250,000 na 250,001, pamoja na herufi, namba hasi na nafasi tupu.

Tatizo la mwamuzi

Kutuma ombi ni rahisi. Kujua kama jibu ni sahihi ndiko kugumu. Mwaka 1982 Elaine Weyuker aliandika kuhusu programu ambazo jibu lake sahihi halijulikani kabla, au kulipata kwa njia nyingine ni ghali mno. Mwaka 1998 T. Y. Chen na wenzake walipendekeza upimaji wa metamofiki: badala ya kukagua jibu moja, majibu ya maombi yanayohusiana hulinganishwa. Ukitafuta nyumba za kupanga, kisha ukaongeza sharti la vyumba vitatu, matokeo hayapaswi kuongezeka. Huduma ya kubadili fedha ikipewa kiasi maradufu kwa kiwango kilekile, jibu liwe maradufu pia, isipokuwa tofauti ndogo ya kukadiria desimali.

Uhusiano huo lazima uchaguliwe na mtu anayeielewa kazi yenyewe. Umbali wa barabara kutoka A hadi B si lazima ulingane na wa kutoka B hadi A, kwani zipo barabara za upande mmoja.

Mfano wa malipo kwa simu

Safaricom ya Kenya, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, ina kiolesura kiitwacho Daraja, ambacho wasanidi wa nje hukitumia kupokea malipo. Duka la mtandaoni hutuma ombi, na jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja huletewa ujumbe kwenye simu ili aweke namba yake ya siri, kisha matokeo hutumwa baadaye kwenye anwani ya seva ya duka. Namba 0 humaanisha malipo yamefaulu. 1032 humaanisha mteja ameghairi.

Hapo ndipo hasara hutokea. Duka linalochukulia jibu la kwanza kuwa malipo litatoa bidhaa bure. Likirudia ombi kwa sababu matokeo yamechelewa, mteja anaweza kukatwa mara mbili. Kwa hiyo mpimaji hujaribu matokeo yaliyochelewa, yaliyokuja mara mbili na yasiyofika kabisa. Vilevile hutuma matokeo ya uongo kwa seva ya duka, aone kama itayaamini. Jaribio hili la mwisho husahauliwa mara nyingi, ingawa halihitaji kuijua siri yoyote ya mtoa huduma.

Vibadala na mazingira ya majaribio

Watoa huduma wengi hutenga mazingira ya majaribio yasiyogusa fedha halisi. Yanapokosekana, au kila ombi linapotozwa, wasanidi hutengeneza kibadala, yaani programu ndogo inayojibu kama huduma halisi. Kibadala hufaa kuigiza hitilafu zisizoweza kuombwa kwa mtoa huduma, kama kukatika kwa mtandao katikati ya jibu. Udhaifu wake ni kwamba hufuata yale aliyeyaamini mwandishi wake kuhusu huduma. Akiwa amekosea, programu na kibadala vitakubaliana katika kosa hilohilo. Ndiyo sababu majaribio machache huendelea kutumwa kwa huduma yenyewe kila siku, hata baada ya programu kuanza kutumika.