Jina la Pemba na Majina Yanayofanana Nalo

Mwalimu afundishaye Wete au Chake Chake hana haja ya kuwaeleza watoto Pemba ni nini, maana wamezaliwa humo. Haja huja siku anapofungua kitabu, au kupokea barua ya mbali, akalikuta jina lile lile mahali asipolitazamia. Hapo hata watu wenye elimu nzuri hujikwaa, kwa kuwa jina tulilolizoea tangu utoto halituchochei kuuliza. Katika kurasa hizi nimekusanya baadhi ya majina hayo, na wasomaji wataona kwamba mengine ni ya kuchekesha tu, na mengine yamewagharimu watu haki yao.

Tuanze na jina la Kiarabu. Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani Kibichi. Mgeni wa leo atazamapo mikarafuu juu ya vilima hudhani ndiyo sababu, naye amekosa, kwa kuwa mikarafuu ililetwa katika karne ya 19, na jina lilikwisha kuwako karne nyingi kabla yake. Basi, jina hilo hilo, herufi kwa herufi, lilipewa mji mmoja wa kusini ya Hispania, ng'ambo ya ghuba ya Jabal Tariq. Waislamu walifika huko kutoka Afrika mwaka 711, na mbele ya pwani yake palikuwa na kisiwa kidogo chenye majani mabichi. Wahispania walilitamka jina kwa ulimi wao likawa Algeciras, na ndipo mahali pale ambapo mataifa ya Ulaya yalikutana mwaka 1906 kushauriana juu ya Maroko. Msomaji wa kitabu cha Kiarabu asemaye kwamba jeshi lilitua al-Jazira al-Khadhraa yampasa kwanza aangalie ni bahari gani inayonenwa.

Yupo mtu mmoja aliyeliona tatizo hili zamani sana. Jina lake ni Yaqut al-Hamawi, mzaliwa wa Kirumi aliyetekwa angali mtoto, akauzwa Baghdad, akaachwa huru, akawa mwanachuoni mkubwa wa nchi na miji, hata akafa Aleppo mwaka 1229. Katika kamusi yake kubwa ya miji amekitaja kisiwa chetu kuwa ni kisiwa kikubwa katika nchi ya Zanji, chenye miji miwili, na kila mji una sultani wake asiyemtii mwenziwe. Majina ya miji hiyo, jinsi yalivyoandikwa, wataalamu wengi huyaona kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu, na magofu ya mahali hapo pawili yapo hata leo. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu palifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, ushahidi wa kutosha kwamba sultani wa hapo hakuwa sultani wa maneno matupu. Lakini jambo la kupendeza zaidi kwetu ni hili, kwamba Yaqut, baada ya kamusi yake, alitunga kitabu kingine mahsusi juu ya mahali penye jina moja na pasipo pamoja. Aliona kwamba kosa la jina si kosa dogo, maana hadithi ya mji mmoja huvishwa mji mwingine, na baada ya vizazi viwili hapana awezaye kuivua.

Sasa tushuke kusini. Katika Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, kuna mji na ghuba kubwa viitwavyo Pemba. Wareno waliupa mji ule jina la Porto Amélia mwaka 1899, kwa heshima ya malkia wao, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 ukarudishiwa jina la Pemba. Kwa hiyo ramani ya kabla ya mwaka huo na ramani ya baadaye hazisemi neno moja. Wenyeji wa pwani ile husema Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, nao ni wavuvi na mabaharia kama watu wa Kojani, hata mtu akisikia habari za dau lililozama karibu na Pemba hana budi kuuliza tena kabla ya kuanza kulia. Tena kuna Pemba ya Zambia, mji mdogo katika nchi ya Watonga kando ya reli, na Mpemba ya Malawi karibu na Blantyre. Hizi mbili hazina bahari, na hilo latosha kuzitenga.

Hapa sina budi kusema neno juu ya ile herufi M. Katika Kiswahili, Mpemba ni mtu wa Pemba, na M hiyo ni kiambishi cha ngeli ya watu, kama katika Mtumbatu na Mngazija, nayo ni silabi yenyewe, M-pe-mba. Lakini katika Kikongo liko neno mpemba ambalo M yake si ya mtu kabisa, bali ni sauti ya puani iliyoshikamana na P. Maana yake ni udongo mweupe, na tena ni nchi ya wafu, kwa kuwa kwao weupe ni rangi ya waliokufa. Watumwa waliovushwa Atlantiki walilichukua neno hilo mpaka Brazili, na huko pemba hata leo ni chaki ambayo wafuasi wa dini ya Umbanda huchorea alama za pepo wao. Kwa wingi wa sifa ambazo watu wa bara wamekipa kisiwa chetu kwa uganga, msomaji mwenye haraka ataruka na kusema, ‘Kumbe jina la Pemba latoka kwa chaki ya wachawi!’ Mimi sioni ushahidi wowote wa kuyafunga mambo haya pamoja. Kwa njia hiyo hiyo ya kuruka, mwingine aweza kusema kwamba jina latoka katika kitenzi kupemba, yaani kuangua tunda kwa upembo, na wa tatu akasema latoka katika pembe. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa swali tu.

Mfano ulio bora kuliko yote watoka mbali zaidi, katika milima ya Himalaya. Washerpa wa Nepali, wale wachukuao mizigo ya wazungu na kuwaongoza mpaka vilele vya juu, wana wanaume na wanawake wengi waitwao Pemba. Mmoja wao, Pemba Gyalje, alisifiwa sana kwa kuwaokoa wenziwe katika msiba wa mlima K2 mwaka 2008. Neno lenyewe ni la Kitibeti, nalo ni jina la nyota ya Zohali, na kwa hiyo ni jina la siku ya Jumamosi, kama vile Waingereza nao wanavyoiita siku hiyo kwa nyota hiyo hiyo. Washerpa huwapa watoto jina la siku waliyozaliwa: wa Jumatatu ni Dawa, wa Jumatano ni Lhakpa, wa Alhamisi ni Phurba, wa Ijumaa ni Pasang, wa Jumamosi ni Pemba, na wa Jumapili ni Nima. Nani katika kisiwa chetu asiyeitambua desturi hii? Pasang ni Juma wetu, na Phurba ni Hamisi wetu. Jina la Pemba kufanana na Pemba ni bahati tupu, wala halina maana yoyote, lakini desturi iliyo nyuma ya jina ni moja kweli, na hiyo tusingaliiona kama jina lisingalitusimamisha. Nami nawaambia makasisi wanaosikitika kwamba daftari ya shule ina akina Juma kumi na wawili, kwamba ndugu zao wa Himalaya wana taabu ile ile.

Tuingie sasa katika elimu ya maumbile. Vitabu vya sayansi vya nchi zote vina kitu kiitwacho kwa jina la Mpemba, na wanafunzi wetu hufurahi wakidhani ni heshima ya kisiwa. Sivyo. Ni jina la Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, huko Lushoto katika Tanganyika. Wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu, na desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa pamoja na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika sanduku la barafu. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Erasto aliyatia yangali moto, wakati mmoja na mwenziwe aliyetia maziwa yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yamekwisha kuganda, na ya mwenziwe bado. Akamwuliza mwalimu wake, naye akamjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipopanda shule ya juu akauliza tena, na mwalimu mwingine akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, hata darasa zima likaufanya mzaha huo kuwa wimbo kila alipokosea hesabu. Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na kijana akauliza mbele ya watu wote, wenziwe wakicheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akamwagiza fundi wake ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuendelea kujaribu mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakatoa makala pamoja, na lile jina la mzaha likawa jina la heshima. Wataalamu wangali wakibishana kama jambo lenyewe hutukia kila mara, na Aristotle alikwisha kulitaja zamani, lakini jina halikubanduka. Mwalimu asomaye habari hii darasani na ataje pia wale waalimu wawili.

Nimeliacha mwisho jambo lililo zito. Katika pwani ya Kenya, hasa Kwale na Kilifi, wamo watu waitwao Wapemba, wana na wajukuu wa wavuvi waliovuka kutoka kisiwani, wengine zamani na wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Watoto wao walizaliwa Kenya, wakasema Kiswahili cha pale, wakazikwa pale. Lakini jina lao lilikuwa jina la kisiwa cha nchi nyingine, na karani akilisikia alifunga daftari. Bila kitambulisho, mvuvi hakuweza kupata leseni ya chombo chake wala kuweka fedha benki, na mtoto alifaulu mtihani akakwama mlangoni. Karani aliona neno moja akadhani ni jambo moja, wala hakutenga Mpemba kwa maana ya mtu atokaye kisiwani na Mpemba kwa maana ya mtu wa ukoo na lugha fulani, awe amezaliwa wapi. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa ni raia na ni mojawapo ya makabila ya nchi hiyo, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Sasa mtoto wao aliyezaliwa Kilifi aweza kuandikwa katika daftari kwa mistari mitatu isiyogombana: mahali pa kuzaliwa, Kilifi, kabila, Mpemba, nchi, Kenya.