Utangulizi: Dirisha na Namba Zake

Dirisha jipya likiuzwa Marekani, mara nyingi huwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Karatasi hiyo ni ya National Fenestration Rating Council, baraza lililoundwa mwaka 1989, wakati ambapo kila kiwanda kilijipimia bidhaa zake na kuzisifu kilivyopenda. Baraza lilileta njia moja ya kupima, na hapo ndipo mnunuzi alipopata namba za kulinganisha. Kitabu hiki kinakukaribisha uzisome namba hizo kwa makini, kwa kuwa hakuna hata moja iliyo nzuri au mbaya kabla hujajua nyumba iko wapi.

Tuanze na kipimo cha U. Chenyewe kinaeleza kasi ya joto kupenya dirishani pale ndani na nje panapotofautiana joto. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo dirisha linavyozuia zaidi. Kwa vizio vya mita na wati, kioo kimoja kitupu kina U ya karibu 5.7. Vioo viwili vyenye hewa katikati hufika 2.8 hivi. Ukiongeza upako mwembamba wa fedha na kujaza gesi ya agoni mahali pa hewa, U ya kioo hushuka hadi karibu 1.2. Upako huo ni kazi ya ajabu ya fizikia, na naupenda kuliko kitu kingine chochote katika fani hii. Kati ya vioo viwili vya kawaida, zaidi ya nusu ya joto husafiri kama mnururisho usioonekana kwa macho. Upako huurudisha mnururisho huo ulikotoka, huku mwanga ukiendelea kupita.

Hapa mwanafunzi awe macho. Namba ya 1.2 ni ya katikati ya kioo tu. Ukingoni kuna ufito wa chuma unaotenganisha vioo, kisha fremu, na alumini hupitisha joto mara mamia kadhaa zaidi kuliko plastiki ya PVC. Karatasi ya baraza hutoa U ya dirisha zima, fremu ikiwemo. Muuzaji anayetaja ile ya katikati hasemi uongo, ila anajibu swali ambalo mnunuzi hakuuliza.

Namba ya pili hupima sehemu ya joto la jua inayoingia ndani, kuanzia 0 hadi 1. Hapa ndipo mahali panapoamua kila kitu. Uingereza, madirisha hupewa herufi, kutoka A++ kushuka hadi E. Hesabu yake huzidisha joto la jua kwa 218.6, kisha hutoa joto linalopotea, yaani U pamoja na uvujaji wa hewa, likiwa limezidishwa kwa 68.5. Jua limewekwa upande wa faida, na dirisha la daraja A huingiza joto la jua walau sawa na lile linalopoteza katika msimu wa baridi. Kwa Manchester hesabu hiyo ina busara. Florida ni kinyume: huko jua ni gharama ya umeme wa kiyoyozi. Ndiyo maana masharti ya ENERGY STAR, alama ya Marekani ya kuokoa nishati, yaliyoanza Oktoba 2023, kwa vizio vya Marekani, yanataka U isiyozidi 0.22 kaskazini, ilhali kusini yanaruhusu hadi 0.32, mradi joto la jua lisipite 0.23.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ameshaona anakoelekea. Tofauti ya joto kati ya ndani na nje huko ni ndogo, hivyo U haina uzito mkubwa. Jua ndilo lenye uzito, na kivuli kilichoko nje ya kioo hulizuia kabla halijagusa dirisha. Zaidi ya hayo, vipimo hivi vyote huchukulia kwamba dirisha limefungwa. Ofisi yenye kiyoyozi itafaidika navyo. Nyumba inayoishi kwa upepo wa kusi na kaskazi, madirisha wazi mchana kutwa, inahitaji kipimo cha hewa inayopita, na karatasi ile haina nafasi yake. Kwa sababu hiyo sura tatu za mwisho zinahusu upepo na kivuli, na anayejenga pwani anaweza kuanzia huko.