Fahamu: Kwa nini kidonda cha mwenye mawazo huchelewa kupona

Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walichapisha jambo la kushtua. Waliwatia wanawake 26 kidonda kidogo mkononi, upana wa milimita 3.5. Nusu yao walikuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu. Vidonda vyao vilichelewa kupona kwa takriban siku 9 kuliko vya wenzao. Siku tisa, kwa kidonda cha kadiri ya punje ya choroko!

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Kwa dakika chache homoni hizi ni mkombozi: moyo hudunda, sukari hupanda, miguu hupata nguvu ya kukimbia. Lakini hofu au mawazo yakidumu miezi, kama kwa wale wauguzaji, kotisoli hiyohiyo hudhoofisha chembe nyeupe za damu, askari wanaosafisha kidonda na kupambana na vijidudu.

Hili halimaanishi mgonjwa amejitakia, wala kwamba furaha ni mbadala wa dawa. Lakini kama jirani yako anamuuguza mama yake, pole peke yake haitoshi. Mpokee zamu, walau usiku mmoja, naye alale.