Giza la Bahari na Tope la Bara

Yapo matumbawe yaishiyo vilindini, usikofika mwanga wa jua. Matumbawe ya maji haba hulishwa na vijimea vilivyomo miilini mwao. Haya ya gizani, yasiyo na mshirika huyo, hunyoosha minyiri na kunasa chembe za chakula ziletwazo na mikondo au ziangukazo kutoka juu. Hukua taratibu mno. Yamepatikana yenye umri uzidio miaka 4,000.

Tope likizidi, tumbawe hufa. Nayo mito Pangani, upitao Korogwe, na Msangasi, utokao Handeni, humwaga udongo baharini. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza kulima ndani ya mita 60 za ukingo. Mvuvi wa kisiwani amehimizwa alinde bahari. Viongozi wa bara nao wasimamie kingo.