Je, Wajua? Karamu ya kifalme isiyo na kijiko

Katika Medieval Times, kumbi za karamu na maonyesho huko Marekani, huletewi uma wala kijiko. Kuku wa kuokwa unamrarua kwa vidole. Supu ya nyanya unainywa bakulini, huku wapanda farasi sita wenye deraya wakipambana kwa mikuki mbele yako. Taji lako la karatasi lina rangi ya yule unayemshangilia.

Mchezo huigiza Hispania ya karne ya 11. Lakini tazama sahani: nyanya, viazi mviringo na mahindi vyote asili yake ni Amerika, na havikufika Hispania hadi baada ya 1492. Mfalme wa enzi ile hakuonja hata kimoja!

Ukumbi wa kwanza Marekani ulifunguliwa Florida, 1983. Unampeleka mtu kwa siku yake ya kuzaliwa bila yeye kujua? Toa taarifa mapema, jina lake litangazwe ukumbi mzima usikie.