Maji Yakipwa Nje ya Saa Zake

Bado kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu za watu wa pwani, ukitaja hadi siku na saa ambayo tsunami itapiga. Ufute. Hakuna mtu duniani awezaye kutabiri siku ya tetemeko. Kinachowezekana ni kupiga hesabu ya safari ya mawimbi tetemeko likishatokea, na hiyo ni kazi ya wataalamu wa hali ya hewa, si ya waganga.

Wengine husingizia mashetani ya baharini, au bamvua, kwa kuwa tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga pwani za Bahari ya Hindi, mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi haupasui sakafu ya bahari. Karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, bamba moja la ardhi hujipenyeza chini ya jingine. Siku ile lililokuwa limekwama kwa miaka mingi likaachia, kwa urefu unaozidi kilomita 1,000, na sakafu ikainuka pamoja na maji yote yaliyokuwa juu yake. Upepo husukuma maji ya juu tu. Tsunami husukuma bahari kuanzia chini. Penye kina cha mita 4,000 hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na nahodha aliye juu yake hahisi kitu. Ikifika penye maji haba mwendo hupungua, maji ya nyuma huyafikia ya mbele, na kimo hupanda.

Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni mtikisiko, na hapa lazima niizungumzie Simeulue, kisiwa kilicho jirani kabisa na chanzo cha tetemeko lile. Mwaka 1907 bahari iliua watu wengi huko. Walionusurika wakaliita balaa hilo smong, wakalitia katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani, usiokote samaki waliobaki mchangani. Mwaka 2004 maji yalifika kwenye baadhi ya vijiji dakika chache tu baada ya mtikisiko. Hakukuwa na king'ora. Kati ya watu wapatao 78,000, walikufa saba. Bibi zao waliwaokoa!

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatukuhisi mtikisiko wowote. Mawimbi yalisafiri kwa saa nyingi, na bado Somalia ikapoteza watu wapatao 300, na Dar es Salaam wakafa waogeleaji. Kenya ufukwe ulifungwa mapema, akafa mmoja. Kwa hiyo dalili yetu ni ile ya pili: maji kupwa au kujaa nje ya saa zake. Bamvua huchukua takriban saa sita kupwa. Tsunami huchukua dakika. Wala usisubiri maji yarudi nyuma kwanza, maana Sri Lanka yalianza kwa kupanda. Ya tatu ni mngurumo mzito kutoka baharini.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba wimbi ni moja. Huja mengi, yakipishana dakika kumi hadi saa nzima, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Tahadhari ikitolewa, panda penye mwinuko ukae huko mpaka mamlaka zitangaze usalama. Mvuvi uliye kilindini, baki kilindini. Na wewe mzazi, nenda shuleni wiki hii ukamuulize mwalimu watoto watapita njia gani.