UMEME WA ATOMIKI NA MKULIMA WA ELDORET

Jua linapotua katika nyanda za Uasin Gishu, taa za Eldoret huwaka. Wakati uo huo mitambo ya jua iliyoko Kesses hunyamaza. Lakini maziwa ya jioni hayangoji asubuhi, yataka kupoozwa papo hapo. Basi umeme wa usiku watoka wapi?

Sehemu yake hutoka Turkwel, ambako maji ya bwawa yazungusha mitambo tangu mwaka 1991. Sehemu nyingine hutoka Olkaria, karibu na Naivasha, kwa moto ulio chini ya ardhi. Nyaya za pande zote mbili hukutana katika kituo cha Lessos, nchi ya Nandi. Siku hizi Serikali yakusudia kuongeza njia nyingine, yaani nguvu za atomiki.

Mtambo wa atomiki si uganga. Chembe za urani hupasuliwa, zikatoa joto jingi. Joto lachemsha maji, na mvuke wazungusha mtambo, kama ufanyavyo mvuke wa Olkaria. Faida yake ni kwamba haungoji mvua wala jua. Hasara yake ni gharama kubwa, na taka zenye miali ya hatari, zipasazo kulindwa maelfu ya miaka. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliupinga mwaka 2024. Mwaka 2025 Serikali ikaelekeza macho Siaya.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Mwaka 2025, saa za matumizi makubwa, Kenya nzima ilihitaji megawati 2,300 hivi. Mtambo uliotajwa ni wa megawati 1,000. Mfano wake ni maksai wavutao jembe: akianguka aliye mkubwa kuliko wote, huwavuta wenziwe chini. Wananchi hawajasahau tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipozama gizani. Ndiyo sababu mafundi hushauri kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za nchi.

Kwa hiyo yafaa mitambo iwe midogo midogo, au matumizi ya nchi yakue kwanza na nyaya za kuunganisha nchi jirani ziongezwe, kama zile ziletazo umeme wa Ethiopia tangu mwaka 2022.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkulima aulizapo habari za atomiki, asiulize tu kama ni hatari. Aulize pia: siku mtambo huo utakapozimika, ni nani atakayepooza maziwa?